Kukandika Nyumba ya Mama

Mama alipokufa, mimi na ndugu yangu tulipatana jambo moja kabla hata watu wa matanga hawajatawanyika. Tulikuwa tumesimama kando ya pipa la maji ya mvua, yeye na kofia yake ya reli mkononi, tukasema hivi: hakuna mtu atakayeshika ukuta wa nyumba hii mpaka korti iseme ni ya nani. Hatukuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu. Kwetu, mwanamke akikandika ukuta amewaambia watu wote kwamba nyumba ni yake, na ukimuuliza tena umemtukana. Mimi nilikuwa binti pekee. Ndugu yangu alikuwa mkubwa na alikuwa na mke. Hakuna kati yetu aliyetaka mwenzake aseme amepokonywa. Basi tukaiacha nyumba vile ilivyokuwa, nayo ikaanza kuanguka kidogo kidogo tukiiangalia.

Sasa mimi ni mzee, na nikisikia harufu ya udongo uliolowa, hata kama ni mtu tu anamwagilia sukuma wiki, roho yangu inaenda pale moja kwa moja. Sina ujanja wa kuizuia.

Haikuwa nyumba ya kuonyesha wageni. Vyumba vitatu vya fito na udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kugongwa mpaka yakanyooka, mlango wa mbao za masanduku ambao bado ulikuwa na maandishi ya kiwanda, ukiinama unayasoma. Ilikuwa mwisho kabisa wa lokesheni, ule mtaa wa Waafrika, upande wa chini, karibu na reli, hata gari la mizigo likipita vikombe vilicheza kabatini. Mama aliijenga mwenyewe kabla ya vita vya Hitler, baada ya baba kufa na kumwachia watoto wawili na sufuria. Alikuwa akiwapikia watu wa reli. Kadi ya ploti ilikuwa na jina lake, jina la mwanamke, na aliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, akaitoa kila Krismasi ili tuione. Ati tuione tu! Tunaiona, tunasema ndiyo mama, anairudisha.

Kila mwaka mvua ndefu zikikaribia, alikandika. Udongo wa mjini hakuutaka. "Huu ni unga," alisema. "Upepo ukivuma, nyumba yote inaenda ziwani." Aliagiza udongo mwekundu kutoka Bahati, ukaja kwa magunia juu ya lori la kabichi, akauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukashikana. Mimi nilikuwa wa kuleta maji. Aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama, leta maji. Mama, hapo unafanya nini, unaubembeleza ukuta? Usipapase. Sukuma!" Nami nikasukuma kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mkono ukizunguka, mpaka ukuta mzima ukawa na mistari ya nusu duara iliyopangana vizuri. Watu wakipita walijua ni mkono wa nani. Wakati huo ndugu yangu alikuwa ameenda zake kucheza mpira. Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeshika udongo wa ukuta angechekwa mpaka ahame mtaa.

Nilipokua niliajiriwa yaya kwa Wazungu, upande wa juu wa mji, chini ya Menengai. Nililala huko huko. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilishuka nyumbani, na Jumapili jioni nikapanda tena. Siku zile nyingine nilibeba mtoto wa mtu mwingine na kumwimbia nyimbo za mama. Siku hiyo moja na nusu ndiyo niliyoihesabu kuwa yangu, na hata mama alipokufa sikuacha kushuka. Niliwasha moto, nikakaa. Sikuwa na cha kufanya pale. Nilitaka tu kukaa mahali ambapo mtu aliniita mama.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, wakati wa Mau Mau. Nyumba nyingi za upande wetu zilikuwa tupu, maana wenyewe walipakiwa kwenye malori asubuhi moja wakapelekwa kizuizini, na milango yao ikafungwa kwa waya. Nadhani hizo nyumba tupu ndizo zilizowapa watu wa ofisi ya mji wazo. Mwaka uliofuata kifo cha mama, tangazo likabandikwa penye mfereji wa maji: upande wa chini wa lokesheni unagawanywa upya, na kando ya reli kutakuwa magodauni. Mwenye nyumba anayetaka ploti yake ibaki ya watu kukaa aje aombe kibali kabla mwezi wa sita haujaisha. Aje na karatasi ya kuonyesha nyumba ni yake, na nyumba yenyewe ikaguliwe na Bwana Afya.

Nilienda. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Alitandaza ramani juu ya meza, akaikalisha kwa chupa ya wino. Ploti za kukaa watu zilikuwa zimepakwa rangi ya manjano, za magodauni zambarau.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mama yangu."

"Aje."

"Amekufa."

"Pole sana. Basi aje mrithi."

"Ni mimi, au ni ndugu yangu. Kesi ya urithi iko kortini, haijaisha."

"Ikiisha, lete barua."

"Na isipoisha mpaka mwezi wa sita upite?"

Alijikuna kichwa kwa penseli. Hakuwa mtu mbaya, na ninalisema mapema kwa sababu baadaye nilimtukana. Aliweka kidole juu ya ramani, mahali padogo kama ukucha, kati ya manjano na zambarau. Hapakuwa na rangi. "Ploti yenu hii hapa," akasema. "Nimeiacha nyeupe. Nitaiacha hivyo mpaka siku ya mwisho. Kupita hapo, dada, sina uwezo."

Niliangalia ule weupe kwa muda mrefu. Nilitaka kuufunika kwa mkono ili mtu asiuguse.

Kortini nako mambo yalikuwa vile vile. Ile korti ya Waafrika ilikaa Alhamisi tu, wazee watatu na karani mmoja, na mbele yetu kulikuwa na kesi za mipaka, za ng'ombe, za wake waliotoroka. Faili ya mama ilikuwa chini ya rundo. Kila nikipata ruhusa nilienda kuliangalia lile rundo, na karani wa korti akanizoea, akawa ananiambia kabla sijafungua mdomo, "Bado, msichana. Bado iko chini." Nilimwona ndugu yangu mara chache. Kazi yake ilikuwa kutengeneza njia ya gari la moshi. Wiki nzima alikuwa huko Njoro au Molo na genge lake, akirudi amechoka kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, alikoishi na mkewe. Ni mtu wa maneno machache. Mimi maneno yangu yalitosha sisi wawili.

Halafu mvua ikaja.

Sijui nieleze vipi kulala ndani ya nyumba ya mama mvua ikinyesha, ukisikia udongo unaanguka nje, paf, kisha kimya, kisha paf tena, na mikono yako inajua kabisa la kufanya. Kazi ya siku mbili tu. Ningeamka asubuhi nikakanyaga udongo, jioni ukuta ungekuwa mzima. Lakini tulikuwa tumepatana. Kwa hiyo nililala nikihesabu vipande vinavyoanguka, na kila kimoja kilikuwa na mistari ya mkono wa mama. Upande wa reli ukuta ulitoboka mpaka fito zikaonekana, na taa za gari la moshi zikapita ndani ya chumba. Jumapili moja niliokota kipande chenye nusu duara nzima, nikakifunga kwa kitambaa nikapanda nacho huko juu. Kiliponyoka mkononi mlangoni, kikawa vumbi. Nilikaa chini nikalia mpaka memsabu akatoka kuuliza kama nimeumwa na nyuki.

Mvua zikapungua. Jumamosi moja katikati ya mwezi wa sita nikashuka, kikapu kichwani, nikakuta ukuta umekandikwa.

Umekandikwa! Niliweka kikapu chini. Ile sehemu yote ya upande wa reli ilikuwa imezibwa, na kazi yenyewe ilikuwa mbaya kuliko ubaya wowote niliowahi kuona. Udongo ulikuwa wa hapo hapo mjini, ule unga, na tayari ulikuwa unapasuka. Haukusukumwa. Ulipigwapigwa tu kama mtu anayejifunza chapati, hapa umevimba, hapa umebonyea, mstari hata mmoja hakuna. Nikajua mara moja ni nani. Mke wa ndugu yangu alizaliwa kwenye landi za reli, kuta za mawe na saruji. Angejulia wapi kukandika? Basi ndugu yangu amemtuma mkewe aje ashike ukuta, kimya kimya, katikati ya wiki, mimi nikiwa huko juu namfuta mtoto wa Mzungu pua.

Mimi nina hasira za karibu. Mama alisema nilizaliwa nazo, ati nilitoka nikiwa nimekunja ngumi. Siku hiyo damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Jirani yetu alikuwa mlangoni kwake anachagua maharagwe. Mama mzee huyu aliniona tangu nikiwa natambaa. "Mwanangu, umefika," akasema. "Hebu ngoja nikuambie kuhusu huo ukuta."

"Usiniambie kitu! Na wewe ulikuwa hapa unaangalia tu!"

"Nilikuwa, ndiyo maana nataka..."

"Asante! Asante sana, mama!"

Nikaingia, nikafunga mlango. Haki ya Mungu, miaka yote hii, kuna usiku naota nimesimama ndani ya ule mlango wa masanduku na ninajaribu kuufungua nimsikilize yule mama. Haufunguki.

Kesho yake kanisani ndugu yangu alikuwa ananisubiri nje, kofia mkono mmoja, karatasi iliyokunjwa mkono wa pili. Yeye, ambaye hata kanisani haji sana. "Dada," akasema, "kuna neno nataka kukuambia." Nikaiona ile karatasi nikafikiri, ehe, na karatasi ameshaandikisha. Nikampita. Nilimpita karibu hivi bega langu likamgusa, na sikugeuza shingo. Alibaki pale ameinyoosha ile karatasi mbele. Sikuona hivyo kwa macho yangu, niliambiwa na mtu, lakini siku hizi ninaona kabisa.

Jumatatu nilimdanganya memsabu kwamba jino linaniua, nikaenda kortini.

"Nataka kuweka pingamizi," nikamwambia karani.

Karani aliinua macho. "Pingamizi? Lakini kesi yenu imewekwa Alhamisi hii. Ndugu yako alikuja wiki jana kutwa nzima, akatubembeleza tuitoe chini ya rundo."

Mtu mwingine angeuliza, alikuja kusema nini? Mimi nikaona ndiyo hiyo, ameharakisha ili ukuta ukutwe umeshakandikwa na mkewe. "Andika," nikasema.

"Una hakika? Nikigonga muhuri, haitoki."

"Gonga."

Akaandika: kwamba ndugu amevunja mapatano, kwamba mkewe amekandika nyumba ya marehemu kesi ikiwa haijaamuliwa. Nikatia sahihi. Nilikuwa na mwandiko mzuri wa shule ya misheni na niliutia wote pale. Akagonga muhuri.

Alhamisi korti ilijaa. Mzee wa katikati alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimsikiliza karani akisoma pingamizi langu hadi mwisho huku amefumba macho. Kisha akamtazama ndugu yangu, aliyesimama mbele na suruali ya kazi.

"Wewe. Ni kweli mkeo alikandika hiyo nyumba?"

"Hapana, mzee."

"Ukuta umejikandika?"

"Ni mimi."

Halafu mtu mmoja akacheka, na benchi zote zikafuata. Mzee akagonga meza. "Wewe mwenyewe? Mwanamume mzima? Kwa mikono?"

"Kwa mikono, mzee."

"Na uji unapika?" sauti ikatoka nyuma, watu wakaanguka kwa kicheko. Ndugu yangu alikuwa anaizungusha kofia yake, anaizungusha. Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Sababu?" mzee akauliza watu walipotulia.

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Bwana Afya alikuwa anakuja Ijumaa, mzee. Ukuta wa upande wa reli ulikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Angeandika nyumba haifai, na mambo ya kibali yangeishia hapo. Na mimi na dada yangu tulipatana hakuna wa kushika ukuta. Sasa dada yangu akikandika, amedai. Mke wangu akikandika, amedai. Lakini mkono wa mwanamume kwa udongo wa ukuta hauhesabiwi popote. Hausemi nyumba ni ya nani. Ndiyo nikaomba ruhusa ya siku nne kwa genge, nikakandika mimi. Najua ni vibaya. Sikufundishwa."

Akatoa ile karatasi aliyokuja nayo kanisani. Ilikuwa ya Bwana Afya. Nyumba imefaa.

Mzee akaisoma, akampa karani. Karani naye akafungua faili akatoa karatasi nyingine, ya wiki iliyopita, yenye dole gumba la ndugu yangu, akaisoma kwa sauti: kwamba yeye ana nyumba ya kazi na mke, dada yake hana pa kurudi isipokuwa pale, kwa hiyo hadai kitu, nyumba yote iwe ya dada yake.

"Hujamwambia dada yako?" mzee akauliza.

"Nilitaka kumwambia Jumapili. Alikuwa na haraka."

Hivyo tu. Alikuwa na haraka! Angesema nilimpita kama sina macho, korti nzima ingenizomea, na ningestahili. Nilipiga kelele, "Mzee, naliondoa! Nafuta pingamizi! Nipe nipasue!"

Mzee wa katikati alivua miwani. Alikuwa na huruma, nilimwona. "Binti, hili lina muhuri. Pingamizi la ndugu kwa ndugu haliishi hapa, linapanda kwa Bwana Shauri." Huyo alikuwa Mzungu wa wilaya, na kila mtu alijua faili ikipanda kwake inashuka lini. "Leo tulikuwa tumalize. Kalamu nilikuwa nayo mkononi."

Nje nilikaa kwenye ngazi. Ndugu yangu akaja akasimama kando yangu. Nilitaka anitukane, nilimwomba kimoyomoyo anipige hata kofi moja. Akasema, "Twende tunywe chai." Tukaenda, tukanywa. Nilikuwa naangalia mikono yake ikishika kikombe. Bado kulikuwa na udongo ndani ya kucha, na sikumwambia pole.

Siku ya mwisho ya mwezi nilienda ofisi ya mji na karatasi ya Bwana Afya peke yake. Yule karani alinionyesha ramani. Weupe wetu ulikuwa bado pale, mdogo, katikati ya rangi zote. "Barua ya korti?" Sikuwa nayo. Nikamwomba, nikapiga magoti, kisha nikainuka nikamtukana yeye na mama yake na penseli yake. Alivumilia. Saa kumi wakafunga ofisi. Nilipopita tena baada ya wiki mbili, aliigeuza ramani kabla sijaomba, akaniacha nione mwenyewe. Ploti yetu ilikuwa zambarau kama nyingine, na huwezi kujua kulikuwa na tofauti.

Faili ilishuka mwezi wa nane. Bwana Shauri hakuwa na neno la kuongeza: nyumba ya marehemu ni ya binti. Nilipewa barua yenye mihuri miwili. Wiki hiyo hiyo ilani ilikuwa imeshabandikwa mlangoni: watabomoa Jumatatu asubuhi.

Memsabu alinipa ruhusa kuanzia Ijumaa. Sikumdanganya safari hiyo. Nilimwambia nyumba yangu inabomolewa, akanipa na kipande cha sabuni. Nilienda moja kwa moja mpaka landi za reli. Ndugu yangu alikuwa amechukua ruhusa, anakula. Nikamwambia, "Nataka udongo wa Bahati."

Alinitazama. Mkewe naye akanitazama, kijiko hewani. Ndugu yangu hakuuliza wa nini. Alimaliza kula, akapanda baiskeli, akarudi jioni akiisukuma na magunia mawili, na Jumamosi akaenda tena. Mimi nilikanyaga udongo kuanzia alfajiri. Ulikuwa mwekundu, mzuri, unanata kwenye vidole vya miguu, na ile harufu ilipopanda nilisikia kabisa, mama, leta maji. Nikajibu kwa sauti. Sijali nani alisikia.

Jirani yetu alikuwa anafunga vyombo vyake, maana na yeye alikuwa anahama. Akaja akasimama. "Wewe mtoto, umeingiwa na nini? Keshokutwa wanaiangusha, leo unakandika?"

"Ni nyumba yangu," nikasema. "Imesemwa na korti. Naweza kuishika sasa." Halafu nikamwambia, "Mama, siku ile ulitaka kuniambia. Nisamehe."

"Ulikuwa na hasira," akasema. Akaenda akaleta ndoo ya maji.

Nilikandika kuta zote, ndani na nje, nusu duara juu ya nusu duara. Jumapili mchana nilifika upande wa reli, kwenye ile kazi mbaya ya ndugu yangu. Ilikuwa imepasuka kila mahali lakini ilikuwa bado imeshika. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, anavuta sigara.

"Hapo pana aibu," akasema. "Pafunike."

"Sipafuniki. Njoo tuendelee kutoka hapo."

Akaangalia kushoto na kulia. "Watu wataona."

"Waone."

Akazima sigara, akakunja mikono ya shati. Alichota udongo kidogo kidogo kama anaogopa utamng'ata, akaupigapiga. "Usipapase," nikamwambia. "Unaubembeleza ukuta? Sukuma!" Aligeuka ghafla akaniangalia, kwa sababu alikuwa amesikia sauti ya nani, na sote wawili tukalia pale, watu wazima, mikono imejaa udongo hata machozi hatukuweza kufuta. Kisha akasukuma. Mstari wake wa kwanza ulipinda. Wa tatu ulikuwa mzuri. Tulifanya mpaka ukuta ukaisha, na usiku tukala maharagwe ya jirani tumekaa sakafuni, mgongo tumeuweka mbali na ukuta tusiuchafue.

Vibarua wa mji walikuja Jumatatu na mitaimbo, wakiwa na msimamizi wao. Tulikuwa tumetoa kitanda, kabati, sufuria, na ule mkebe wa majani ya chai. Msimamizi akaisoma barua yangu ya korti kwa heshima, akanirudishia, akasema pole. Kibarua mmoja alitia kiganja ukutani kupima pa kuanzia, akakitoa kikiwa chekundu.

"Hii bado mbichi," akasema. "Ni nani huyu amekandika nyumba ya kubomolewa?"

Ndugu yangu alishusha macho akaanza kuizungusha kofia.

"Ni sisi," nikasema. "Mimi na ndugu yangu."

Hakuna aliyecheka. Kibarua akajipangusa mkono kwenye suruali, wakaanzia upande wa reli.